Nani Aruhusiwe Kuzungumza na Chipu?

Mkazi wa Waithaka anayelipia sukuma wiki kwa M-Pesa hana haja ya kujua kwamba ameshika kifaa cha kutunza siri. Ndani ya kile kipande cha plastiki tunachokiita laini mna kompyuta kamili, ndogo kuliko ukucha, yenye kumbukumbu yake, programu zake na ufunguo wa siri wa biti 128 ulioandikwa humo kabla laini haijafika dukani. Mtandao ukitaka kuitambua laini, hauuombi ufunguo huo. Hutuma namba ya kubahatisha. Laini huikokotoa pamoja na ufunguo wake na kurudisha jibu. Kampuni ya simu, iliyo na nakala ya ufunguo, hupiga hesabu ileile upande wake. Majibu yakilingana, simu inaingia hewani.

Utaratibu huo wa kuulizwa swali jipya kila mara na kujibu bila kuitoa siri ndio unaotumika pia katika funguo za usalama za USB, vifaa vidogo ambavyo mtu huchomeka kwenye kompyuta au hugusisha na simu ili aingie katika akaunti yake. YubiKey ndiyo inayojulikana zaidi. Zipo pia Nitrokey za Ujerumani, SoloKeys na nyinginezo. Kinachozitenga funguo hizi na laini ni mlango. Laini humsikiliza aliyeitoa, yaani kampuni ya simu. Ufunguo wa USB humjibu yeyote anayejua lugha yake, na lugha hiyo imechapishwa wazi. Kwa kijana anayeandika programu katika wadi hii ya Waithaka, Dagoretti Kusini, jirani na Riruta, Ngando, Mutu-ini na Uthiru/Ruthimitu, mlango huo ndio unaoamua anaweza kujenga nini na atamtegemea nani.

Basi swali lenyewe ni hili: mtunzi wa programu wa kawaida, asiye na benki wala kampuni ya simu nyuma yake, aandike mazungumzo yake mwenyewe na chipu ya usalama? Naamini aandike. Lakini kuna sehemu ya mazungumzo hayo iliyo yake na sehemu isiyo yake, na wengi hupotea kwa kuzichanganya.

Kenya ina uzoefu mrefu wa jambo hili kuliko inavyodhaniwa. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, haikuwa programu ya kupakua. Ilikuwa menyu iliyoandikwa ndani ya laini yenyewe, na wateja wa mwanzo walilazimika kubadilisha laini zao za zamani wapewe zilizo na menyu hiyo. Mtu alipoandika kiasi na namba yake ya siri, laini ilisimba ombi kwa ufunguo uliokuwa ndani yake, kisha ikalituma kama ujumbe mfupi. Ndiyo maana huduma ilifanya kazi hata kwenye kabambe, simu ya kawaida isiyo na intaneti. Kwa maneno mengine, mfumo wa fedha uliobadilisha maisha ya nchi nzima ulikuwa, kiufundi, programu maalumu iliyowekwa ndani ya chipu ya usalama. Jambo ambalo wahandisi wa nchi nyingine walilijadili kwenye makaratasi, hapa lilikuwa tayari kwa wakala wa mtaani.

Lakini anayeweza kuweka programu ndani ya laini ni mwenye funguo za kuisimamia, na funguo hizo hazitolewi. Mwaka 2014 ugomvi ukazuka hadharani. Finserve, kampuni tanzu ya Benki ya Equity, ilipata leseni ya kutoa huduma za simu kwa jina la Equitel na ikaja na laini nyembamba kutoka Taisys ya Taiwan: karatasi ya plastiki yenye chipu, inayobandikwa juu ya laini ya kawaida ili simu moja ibebe mitandao miwili. Safaricom, kampuni ya simu yenye M-Pesa, ilipinga, ikisema kwamba chipu inayokaa katikati ya laini na simu inaweza kuyasikia yote yanayopita, ikiwemo namba ya siri. Mamlaka ya Mawasiliano iliruhusu laini hizo kwa majaribio ya mwaka mmoja. Hoja ya usalama haikuwa ya uongo, kwa sababu anayekaa katikati ya mazungumzo yasiyosimbwa husikia. Hata hivyo haikuwa hoja ya usalama peke yake. Benki ilikuwa ikitafuta njia ya kuifikia chipu iliyo katika simu ya mteja wake bila kupitia kwa mshindani, na njia iliyoichagua ilikuwa kubandika chipu nyingine juu.

Mwaka 2017 Safaricom ilifungua Daraja, mfumo unaowaruhusu watunzi wa programu kuunganisha mifumo yao na M-Pesa. Ni hatua kubwa, na biashara nyingi ndogo za Nairobi zinaitegemea. Duka la mtandaoni hutuma ombi, simu ya mteja hupata dirisha la kuandika namba ya siri, pesa hupita. Hata hivyo mtunzi wa programu haigusi chipu. Anabisha hodi kwa kampuni ya simu, nayo ndiyo inayoenda kuzungumza na laini. Anachopewa ni maneno ya siri ya kujitambulisha: jozi ya funguo za kupatia tokeni inayodumu saa moja, ufunguo wa kuundia nywila ya kila ombi, na kwa malipo ya kwenda kwa watu, nywila ya mwanzishaji iliyosimbwa. Siri hizo hukaa wapi? Mara nyingi hukaa katika faili la kawaida kwenye seva, na wakati mwingine faili hilo hupakiwa GitHub pamoja na programu nzima. Hapo nguvu yote ya chipu iliyo upande wa mteja haimsaidii mwenye biashara.

Upande wa mteja nako kuna ufa, nao hauko ndani ya chipu. Utapeli wa kubadilisha laini, ambao ulilifanya jina la Mulot, mpakani mwa Bomet na Narok, litajwe mno katika taarifa za polisi, hauvunji usimbaji wowote. Tapeli hupata jina, namba ya kitambulisho na maelezo machache ya mwathiriwa, kisha namba ya simu ikahamishiwa laini mpya. Ufunguo wa laini ya zamani uko salama kabisa ndani ya chipu ambayo sasa haina kazi. Kilichovunjwa ni kumbukumbu ya kampuni inayosema namba hii ni ya laini ile. Safaricom iliwapa wateja *100*100# ili wazuie laini yao isibadilishwe kiholela, na kila msomaji ambaye hajaipiga aipige leo. Lakini tatizo la msingi linabaki palepale: benki, barua pepe na huduma za serikali zinapotuma tarakimu za uthibitisho kwa ujumbe mfupi, zinaikabidhi kampuni ya simu dhamana ya kumtambua mtu ambaye si mteja wa kampuni hiyo peke yake.

Funguo za USB zilizaliwa kuziba ufa wa namna hiyo. Yubico ilianzishwa Sweden mwaka uleule wa M-Pesa, 2007. Kiwango cha kwanza cha pamoja cha shirika la FIDO kilitoka 2014, na Machi 2019 W3C, shirika la viwango vya wavuti, ikapitisha WebAuthn kuwa kiwango rasmi cha vivinjari. Hapa hakuna siri ya pamoja kati ya kifaa na kampuni. Kwa kila tovuti ufunguo hutengeneza jozi mpya: nusu ya siri hubaki ndani, nusu ya hadharani hupewa tovuti. Hakuna ofisa wa duka anayeweza kuhamisha jozi hiyo kwa mtu mwingine, kwa kuwa hakuna ofisa aliye nayo. La pili, na ndilo lenye thamani zaidi, jina la tovuti huingizwa katika kile kinachotiwa sahihi. Tovuti bandia inayofanana na ya benki yako hadi rangi ya mwisho itapata sahihi ya jina lake yenyewe, isiyofaa kitu kwa benki. Julai 2022 wafanyakazi wa kampuni ya Cloudflare nchini Marekani walitumiwa ujumbe wa kitapeli, na baadhi yao waliandika nywila zao katika ukurasa bandia. Washambuliaji hawakuingia, kwa sababu kila mfanyakazi alitakiwa kutumia ufunguo wa kushika mkononi.

Sasa, mtunzi wa programu anayeuchomeka ufunguo huo kwenye kompyuta yake anakutana na nini? YubiKey ya kizazi cha tano hujitambulisha kama vifaa vitatu kwa wakati mmoja. Cha kwanza ni kibodi: ukiigusa, inaandika herufi 44 za nywila ya mara moja. Kupitia njia hiyohiyo programu inaweza kuupa swali la hadi baiti 64 na kupata jibu la baiti 20 lililokokotolewa kwa siri iliyo ndani. Ni njia rahisi mno, haihitaji intaneti, na programu ya kutunza nywila ya KeePassXC huitumia. Udhaifu wake ni ule wa laini: siri ni ya pamoja, na anayeisajili lazima aihifadhi mahali.

Cha pili ni kadi. Hapa ufunguo huzungumza lugha ya ISO 7816, ambayo ni lugha ileile ya laini ya simu na ya kadi ya benki yenye chipu. Amri huwa na kichwa cha baiti nne, kisha data. Mtunzi huanza kwa 00 A4 04 00 akitaja namba ya programu anayotaka kuzungumza nayo ndani ya chipu, na mambo yakienda sawa jibu huishia na 90 00. Kijana aliyejifunza kuandika amri hizi kwa Python katika kompyuta ya mkononi amejifunza pia jinsi simu yake inavyoongea na laini kila inapowashwa. Sioni somo la usalama wa mitandao ambalo lingemfaidi mwanafunzi wa Nairobi kuliko hili, na kifaa cha kujifunzia, kisomaji cha kadi, si cha bei ya kutisha.

Cha tatu ni njia ya FIDO yenyewe. Ujumbe hukatwa katika pakiti za baiti 64. Pakiti ya kwanza hubeba namba ya chaneli kwa baiti nne, amri kwa baiti moja na urefu kwa baiti mbili, hivyo data hubaki na nafasi ya baiti 57. Zinazofuata hubeba 59 kila moja. Programu huanza kwa kutuma salamu kwenye chaneli ya wote, FFFFFFFF, ikiambatanisha namba ya kubahatisha ya baiti nane, kisha hupewa chaneli yake. Ujumbe mrefu kabisa unaoweza kupita ni wa baiti 7,609. Wakati ufunguo unasubiri kuguswa na kidole hutuma ishara mfululizo kwamba bado uko hai, na programu nyingi za wanaoanza huanguka hapo, kwa kudhani kila jibu ni jibu la mwisho. Kwenye Linux mtu atazuiwa na ruhusa za kifaa hadi aandike kanuni ya kumfungulia. Kwenye Windows, tangu toleo la 1903 la Windows 10, programu isiyo na mamlaka ya msimamizi haiwezi kuigusa njia hii moja kwa moja. Lazima ipitie huduma ya mfumo endeshi wenyewe.

Zuio hilo la Windows huwaudhi watunzi wa programu, lakini lina sababu ya haki. Mwaka 2018 watafiti Markus Vervier na Michele Orrù walionyesha kwamba kivinjari cha Chrome, kilipoanza kuziruhusu tovuti kuzungumza na vifaa vya USB, kiliacha upenyo. YubiKey Neo ilikuwa inaweza kufikiwa kwa mlango wa kadi, na kwa mlango huo hapakuwa na kivinjari cha kuandika jina halisi la tovuti. Tovuti ya kitapeli, mtumiaji akiikubalia, ingeweza kujitaja kuwa Google na kupata sahihi ya Google. Chipu haikukosea hata kidogo; ilitia sahihi ilichopewa. Kinga dhidi ya tovuti bandia ilikuwa kazi ya kivinjari muda wote, na aliyejenga njia ya pembeni aliiruka bila kujua. Anayeandika mazungumzo yake mwenyewe na ufunguo anachukua jukumu hilo la kivinjari mabegani mwake.

Kwa hiyo sehemu isiyo yake ni ipi? Ni usimbaji, mpangilio wa pakiti na uthibitishaji wa sahihi. Hizo zimo tayari katika maktaba huria kama libfido2 ya lugha ya C na python-fido2, zilizokaguliwa na watu wengi. Kuzisoma ni elimu nzuri; kuziandika upya kwa ajili ya pesa za watu ni hatari isiyo na faida. Sehemu iliyo yake ni maudhui: ni jambo gani hasa linalotiwa sahihi, na nani lazima atie.

Tuchukue sacco ya matatu au chama cha akina mama kinachotoa mikopo kupitia Daraja. Siku hizi mweka hazina huingia kwenye mfumo kwa nywila na kubonyeza kibonye cha kutuma. Anayeipata nywila hiyo ameipata hazina. Katika mfumo mwingine, mwenyekiti, katibu na mweka hazina wana funguo zao. Seva huchukua kiasi, namba ya mpokeaji, tarehe na namba ya kubahatisha, ikavifanyia hashi, yaani muhtasari wa kihesabu, na hashi hiyo ikawa ndiyo swali linalotumwa kwa ufunguo. Kinachorudi ni sahihi juu ya baiti zisizopungua 37 za maelezo, zikiwemo 32 za hashi ya jina la tovuti, moja ya alama zinazosema kama ufunguo uliguswa na kama namba ya siri iliandikwa, na nne za kihesabio, pamoja na hashi nyingine inayolifunga swali lile. Sahihi hiyo haifai kwa malipo mengine yoyote. Mtu akibadilisha shilingi 5,000 kuwa 50,000 baadaye, hesabu inakataa. Wakaguzi wa sacco wakija, hawapewi maneno ya mfanyakazi. Wanapewa ushahidi ambao hata msimamizi wa seva hawezi kuughushi.

Mfumo huo una mapengo mawili ambayo lazima yasemwe. Mdukuzi akiiteka seva yenyewe na kuchukua siri za Daraja, hana haja ya sahihi za viongozi. Atatuma ombi moja kwa moja. Siri hizo zinapaswa kukaa katika mashine tofauti, isiyofanya lolote ila kuhakiki sahihi mbili kabla ya kuzungumza na Daraja, na ikiwezekana zilindwe na chipu ya seva. Pengo la pili ni gumu zaidi: ufunguo wa USB hauna kioo. Mweka hazina anaona kiasi kwenye kompyuta, na kompyuta ikiwa na virusi inaweza kumwonyesha mkopo wa jirani huku ikiupa ufunguo swali la mkopo wa tapeli. M-Pesa ya kawaida inaishinda YubiKey hapa. Dirisha la simu humwonyesha mtu kiasi na jina kabla hajaandika namba ya siri. Laini ina kioo lakini namba yake inaweza kuhamishwa. Ufunguo hauwezi kuhamishwa lakini hauoni. Kwa maoni yangu mfumo bora wa sacco za Nairobi kwa sasa ni kutumia vyote viwili, viongozi wawili wakiidhinisha kwenye kompyuta mbili tofauti, na ujumbe wa M-Pesa ukimfikia wa tatu.

Wapo wanaotaka kwenda mbali zaidi na kutengeneza ufunguo wenyewe. Inawezekana. Google ilitoa OpenSK mwaka 2020, na kuna programu huria zinazogeuza Raspberry Pi Pico, iliyouzwa dola 4 ilipotoka 2021, kuwa ufunguo wa FIDO unaofanya kazi. Kwa kufundishia ni kitu cha thamani. Kwa kulinda fedha, hapana: chipu ya Pico hiyo ya kwanza huweka data katika kumbukumbu ya nje isiyolindwa, na anayeiokota anaweza kuzisoma siri. Hata chipu za wakubwa hukosea. Mwaka 2017 kosa katika maktaba ya Infineon liliilazimu Estonia kusimamisha vyeti vya kadi za vitambulisho vya raia zipatazo 760,000, na Septemba 2024 kosa jingine la Infineon likagusa YubiKey 5 zote zenye programu ya kabla ya toleo la 5.7, ambazo kwa muundo wake haziwezi kusasishwa. Shambulio hilo la pili lahitaji mtu auibe ufunguo na awe na vifaa vya maelfu ya dola, hivyo mwenye ufunguo wa zamani hana sababu ya kuutupa.

Gharama ndiyo kikwazo cha kweli. Ufunguo mmoja huuzwa kwa makumi ya dola kabla ya usafirishaji na ushuru, na kila mtu anahitaji mbili, kwa sababu mmoja utapotea. Kwa mpangaji wa chumba kimoja Waithaka, hizo ni pesa za mahitaji ya nyumbani. Simu za Android za miaka ya karibuni zinaweza kufanya kazi hiyohiyo zenyewe, na kwa wananchi wengi hiyo ndiyo njia itakayofika kwanza. Funguo za kushika mkononi ziwe za wale ambao kosa lao moja linawaumiza wengi: waweka hazina, mawakili, maofisa wa ardhi, wasimamizi wa seva.

Naitaja ardhi kwa makusudi. Waithaka ni eneo la viwanja vya kurithi, vilivyogawanywa kizazi baada ya kizazi tangu enzi ambapo Dagoretti ilihesabiwa upande wa Kiambu. Aprili 2021 serikali ilizindua Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni, ikianza na Nairobi, na tangu 2023 huduma za serikali kwa maelfu zimeelekezwa eCitizen, mfumo ambao Julai mwaka huohuo ulishambuliwa hadi ukazimika kwa muda. Shambulio lile lilikuwa la kuufurika mfumo, si la kuiba. Linalotisha familia za hapa ni jingine: mtu kuingia kwa jina la mwenye kiwanja. Maadamu uthibitisho wa mwisho ni tarakimu zinazotumwa kwa simu, shamba la babu lina ulinzi sawasawa na ule wa laini yake.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka kila anayeshika taarifa za watu azilinde kwa njia za kiufundi zinazolingana na hatari iliyopo. Kwa hatimiliki na akiba ya wanachama, ujumbe mfupi haulingani tena na hatari hiyo. Wizara ya Ardhi, eCitizen, benki na sacco ziruhusu raia anayetaka asajili ufunguo, na ziwalazimishe maofisa wao wautumie. WebAuthn haina ada ya leseni na vivinjari vikuu vyote tayari vinaijua. Nawe unayeandika programu, usisubiri barua ya serikali. Anza na malipo ya sacco moja, funguo mbili kwa kila kiongozi na maktaba iliyokaguliwa, na uwaonyeshe wanachama sahihi kwenye mkutano mkuu wa mwaka.